Kamba Isiyokatwa kwa Kisu

Kufikia saa nne asubuhi Sajenti Sikudhani alikuwa amekwisha kuchekecha nusu ya stoo, kwa chekeche la mchanga aliloazima kwa waashi wa nyumba ya jirani, na mavuno yake yote yangeenea kwenye kofia ya mtoto: kitasa kimoja, bawaba mbili, misumari ya bati konzi tatu, na kijiko cha chai. Upepo wa Juni ulikuwa unamrudishia majivu usoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sweta juu ya kitenge, nyusi zimekuwa za kijivu, na mpita njia asiyemjua angesema huyu mama kaja kuokota mkaa wa bure.

Pale majivu yalipoishia alisimama Bwana Brighton, mkuu wa Kituo cha Kuanza Upya. Hakutaka kuchafua viatu. Kituo chake, hapo mtaa wa Kikuyu, kiliendeshwa kwa fungu la Serikali, na kazi ya fungu hilo ilikuwa moja: kuwapokea vijana waliomaliza vifungo, kuwafundisha ufundi, kuwapa vifaa na kuwaacha waende zao, ili wasirudi walikotoka. Jumatano, saa saba mchana, stoo ya kituo iliungua. Kijana mmoja wa hapohapo, Masudi, alikamatwa akiwa amesimama mbele ya moto ameduwaa. Alhamisi alikuwa amekwisha kusaini kwamba yeye ndiye aliyeuwasha. Leo Ijumaa, na Jumatatu alikuwa anakwenda mahakamani. Kwa askari yeyote anayeipenda kazi yake, kesi ilikuwa imeisha. Sikudhani alikuwa haipendi sana kazi yake wiki hiyo, ndiyo maana alikuwa bado anachekecha.

"Ulisema seti ngapi za vifaa?" aliuliza.

"Thelathini. Kila seti nyundo, randa, msumeno, koleo na patasi. Imo kwenye ripoti."

"Zote zilikuwa humu?"

"Zote. Zingegawiwa keshokutwa, Jumapili, mbele ya wageni wa Wizara. Kijana ametuvua nguo, afande."

Sikudhani alitikisa chekeche mara ya mwisho. Kilichobaki juu kilikuwa kipande cha bati na ganda la karanga ambalo, kwa miujiza, halikuungua.

"Bwana Brighton, mimi shule niliishia njiani. Hebu nielimishe. Nyundo inaungua?"

"Mpini unaungua."

"Na kichwa?"

Brighton alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mtumishi wa Serikali kabla ya kupunguzwa kazini, na alijua namna ya kupata muda bila kuuomba.

"Basi ziliibwa kwanza," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo la kuhuzunisha. "Ameiba, halafu akachoma ili afiche. Mungu wangu. Mimi hata sikuwaza hivyo."

Sikudhani aliandika kwenye kijitabu chake. Asubuhi nzima ya kumeza majivu, na swali lake moja zuri lilikuwa limemwongezea mtoto wa watu kosa la pili.

Alinyanyuka, akajikung'uta, akaelekea barazani. Pale palikuwa na viti vitatu vya mbao vilivyosukwa kwa kamba za katani, vizuri kweli, vya kukaa bibi harusi. Kila kimoja kilikuwa na kadi nyeupe iliyofungwa kwa uzi. Cha katikati kiliandikwa: KAZI YA MASUDI, MIAKA 21.

"Hivi vilinusurikaje?"

"Vilikuwa nje."

"Jumatano nilipofika nilivikuta vimepangwa mstari kwenye kivuli cha ukuta, kadi zote zimetazama getini. Nani alivitoa?"

"Kwenye vurugu kama ile, afande, nani anakumbuka?"

"Vurugu gani hiyo inayopanga mstari?" Sikudhani alikwishakiinua kile cha katikati begani. "Hiki nakwenda nacho. Kielelezo."

"Kichukue," Brighton alisema, na mara hii alionekana ana furaha ya kweli. "Mahakama ione tulivyomfundisha, na alivyotulipa."

*

Mahabusu ya kituo cha polisi ilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama choo. Sikudhani alimtoa Masudi, akamkalisha kwenye benchi la ukumbini, pale dada yake Anifa alipokuwa anasubiri na bakuli lililofungwa kitambaa. Anifa alikuwa anauza mtama na ulezi sokoni Majengo; vumbi la nafaka lilikuwa bado kwenye kope zake.

"Shikamoo, afande," Masudi alisema.

"Marahaba. Kula kwanza. Mtu mwenye njaa hujibu lolote."

Kijana alifunua bakuli, akamega tonge la ugali. Anifa alimchapa kofi la kiganjani.

"Mkono wa kulia, we Masudi! Mbele za watu!"

"Nimesahau."

"Amesahau tangu azaliwe, mama," Anifa alimwambia Sikudhani. "Darasa la pili mwalimu alimfunga ule wa kushoto kwa kamba ya viatu. Mwezi mzima hakuandika herufi. Mwalimu mwenyewe akaifungua."

Sikudhani alikiweka kiti mbele yao.

"Hiki ni chako?"

"Jina ni langu."

"Na kazi?"

Masudi alikitazama kwa tamaa, kama mtu anavyotazama baiskeli ya mwingine. Na baiskeli ya mwingine, kwa taarifa ya msomaji, ndiyo iliyompeleka jela mara ya kwanza.

"Natamani ingekuwa yangu, afande. Tulipelekwa Buigiri kwa fundi Bartolomayo, siku tisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nashika. Siku ya kumi tukaambiwa fungu halijatoka, tukae tusubiri. Tumekaa."

"Jumatano ulikuwa stoo unafanya nini?"

"Kutoa viti. Bwana Brighton alisema nivitoe, nivifute vumbi, nivipange kivulini, wageni wanaweza kufika kabla ya siku yao. Nilipoweka cha tatu nikasikia harufu. Nageuka, moshi."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Nyuma ya stoo. Nilidhani anajisaidia."

"Ndani ya stoo mlikuwa na nini?"

"Magunia na masanduku."

"Ya nini?"

"Sijui. Ukishakaa ndani unajifunza kutofungua kisicho chako. Moja lilinizuia njia, nikalisukuma kwa goti."

"Sanduku la nyundo, ulisukuma kwa goti?"

"Lilikwenda lenyewe, afande. Jepesi kama la viatu."

Sikudhani alitoa karatasi kutoka kwenye jalada. Chini kulikuwa na saini ya herufi kubwa zilizolala upande, kama vichaka vilivyopigwa na upepo.

"Basi hii ni nini? Umesaini kwamba ulichoma wewe."

"Niliambiwa nisaini."

"Ulisoma?"

Masudi alimtazama kwa huruma kidogo.

"Afande, kule ndani unasaini kwanza. Unasaini blanketi, halafu unasubiri blanketi. Unasaini sabuni, halafu unasubiri sabuni. Ukiuliza kitu kabla ya kusaini unaitwa mjuaji, unalala bila blanketi. Mimi nilijua nikishasaini ndipo wataanza kuniuliza ilikuwaje. Nilikuwa nawasubiri."

Konstebo aliyeandika maelezo hayo alikuwa kaunta, na ghafla akapata kazi ya kunoa penseli.

"Mama," Anifa alisema, "Jumatatu atatoka?"

"Jumatatu anasomewa mashitaka. Kuchoma mali ya Serikali, na sasa wizi juu yake. Kwa mtu aliyekwisha kufungwa, hakimu haanzii kwenye miezi."

"Lakini hakuchoma."

"Hilo wewe unalijua, na mimi naanza kulijua. Jalada halilijui."

Masudi alikuwa anakusanya makombo ya ugali, mara hii kwa mkono wa kulia, kwa taabu.

"Huko ndani hawakuwafundisha ufundi wowote?" Sikudhani aliuliza akimfungia Anifa bakuli.

"Karakana ipo. Mimi sikuingizwa. Nilikuwa na miezi kumi na minane tu. Nyapara alisema karakana ni ya wenye vifungo virefu, hawawezi kupoteza kamba kwa mtu anayepita."

*

Gari la polisi lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Jumamosi asubuhi Sikudhani alipata lifti kwenye lori la saruji linaloelekea Morogoro, nyuma, juu ya mifuko, na kwa kuwa safari ni ya saa nzima na kielelezo ni kiti, alikikalia. Watoto wa Ihumwa walimpungia kama malkia.

Fundi Bartolomayo alikuwa na kibanda kando ya barabara, Buigiri, hatua chache kutoka shule ya watoto wasioona aliyosoma yeye mwenyewe. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, kifua cha mbeba mizigo, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira mkononi, inatangaza mpira wa watu ambao hakuwahi kuwaona wala hakuhitaji.

"Karibu, mama polisi," alisema kabla Sikudhani hajafungua mdomo.

"Nani kakuambia polisi?"

"Umeshuka kwenye lori na sijasikia mtu anakudai nauli."

Sikudhani alicheka, akajitambulisha, akamkabidhi kiti bila kueleza neno. Bartolomayo alizima redio. Kwanza alikinusa. Kisha akakipindua miguu juu, akapitisha vidole chini ya kikalio, taratibu, akihesabu midomo ikimchezacheza.

"Kizuri," alisema. "Nani kakisuka?"

"Kadi inasema Masudi. Wa kituo cha Kikuyu."

Bartolomayo aliangua kicheko mpaka mbuzi wa jirani wakasogea.

"Masudi! Yule wa mkono wa kushoto? Mama, sikiliza. Mtu wa kulia akivuta kamba, fundo linalalia huku." Alimshika Sikudhani kidole, akakipitisha chini ya kiti. "Unasikia? Yote yamelala kulia. Mtu wa kushoto, yake yanageukia upande wa pili, kama mtu aliyegombana na mke kitandani. Halafu Masudi namjua kwa kamba ya tatu. Anailegeza. Siku tisa nilimpigia kelele kaza, kaza, anacheka, analegeza tena. Hiki kamba ya tatu imekazwa na mtu aliyefanya kazi hii miaka."

"Kwa hiyo ni cha fundi mwingine. Wa sokoni?"

"Ngoja." Vidole vilirudi, vikasimama kwenye kona. "Hiki ni kichekesho. Njoo uguse. Hapa kamba inaishia. Mimi mwisho wa kamba naukata kwa kisu, chwap, unakuwa na uso bapa. Huu una manyoya."

Sikudhani aligusa. Mwisho wa kamba ulikuwa umechanguka, laini kama ncha ya brashi, umefichwa chini ya fundo.

"Umekatwa kwa meno?"

"Meno yanaacha alama na ncha iliyopondeka. Huu umesuguliwa. Kwenye jiwe, au sakafu ya saruji, mpaka ukakatika wenyewe. Ncha zote nane zimefanywa hivyo. Sasa niambie wewe mpelelezi: fundi mkubwa namna hii, mikono ya dhahabu, anakosaje kisu? Kisu cha mitumba pale Majengo ni bei ya sigara."

Sikudhani aliigusa ile ncha tena. Alikuwa amekwenda gerezani mara nyingi kuchukua watuhumiwa, na mara nyingi alisubiri nje ya karakana akiwatazama wafungwa wameinama kwenye ukingo wa sakafu, wanasugua kamba huku na huku. Kisu kimoja tu kiliruhusiwa, na kilikuwa kwenye mkanda wa askari.

"Hakosi," alisema hatimaye. "Amekatazwa."

Bartolomayo alitikisa kichwa polepole.

"Kumbe. Kiti cha mfungwa, kinatembea na jina la aliyefunguliwa."

"Magereza wanauza viti kwa yeyote, pale dukani kwao. Kosa si la muuzaji. Mtu kanunua vitatu, kafunga kadi tatu, na ripoti ikasomeka kwamba vijana wamehitimu."

"Na vifaa walivyoahidiwa?"

"Masanduku yanayosukumwa kwa goti."

Fundi alikirudisha kiti chini kwa adabu, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiye na hatia.

"Wale vijana watarudi lini?" aliuliza. "Niliwachania kamba za mwezi mzima. Zipo hapo ndani, zinaliwa na panya."

"Utakuja kusema haya mahakamani?"

"Nitakuja. Ila uniletee kiti. Mimi bila kiti ni mtu anayesimulia tu."

*

Jumamosi jioni Sikudhani alikiandikisha kiti kwenye stoo ya vielelezo, akakifunga kipande cha karatasi chenye namba ya jalada, akaenda nyumbani akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Huo ndio usingizi uliomponza.

Jumatatu, tarehe ishirini na tatu, saa mbili kamili, alikuwa mbele ya meza ya mkuu wake, Mrakibu Petro. Petro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita, viatu vilivyotiwa soli mara mbili, na tabia ya kunyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Kwa hiyo hoja yako," alisema, "ni kwamba stoo ilikuwa tupu, akaichoma mwenyewe kabla wageni hawajaifungua."

"Nimechekecha majivu yote, afande. Hakuna chuma."

"Nimesoma. Umeandika kwamba Brighton anasema viliibwa. Mwendesha mashitaka ameshaongeza shitaka la pili."

"Masanduku yalikuwa matupu. Masudi anasema—"

"Masudi alisaini."

"Naomba barua yako niende Magereza. Nikaulize nani alinunua viti vitatu mwezi huu."

"Barua ya kuuliza Magereza haitoki kwangu. Inakwenda Mkoa, inapanda Dar es Salaam, inashuka."

"Itashuka lini?"

"Ikienda mbio, mwezi wa nane."

"Basi tuanze na kiti. Fundi wa Buigiri yuko tayari kusimama kizimbani akionyeshe."

Petro alinyoosha karatasi.

"Kiti hakipo," alisema.

Nje mtu alikuwa anafagia. Sikudhani alisubiri ufagio ufike mwisho wa baraza.

"Kimekwenda wapi?"

"Jana wageni walifika. Brighton alikuja asubuhi na karatasi ya kukiazima, kwa saa mbili, akipange na wenzake. Wageni walikuwa watatu. Wakavisifu. Akawapa zawadi, kila mmoja chake. Vimeondoka juu ya gari, sasa hivi labda viko Chalinze."

"Kielelezo cha polisi kinaazimwaje? Nani alisaini?"

"Mimi. Nilikuwa natoka misa. Aliniletea pale mlangoni, watu wamejaa, kalamu akanipa yeye."

"Ulisoma, afande?"

Mrakibu Petro aliinyoosha tena ile karatasi, kona kwa kona, na Sikudhani akaona masikio yake yamebadilika rangi. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba.

"Tufanye unasema kweli. Mimi sijasema husemi. Tarehe thelathini mwaka wa Serikali unafungwa. Fungu ambalo halikuthibitishwa linarudi Hazina, na likirudi, mwaka ujao mstari wake haupo. Wageni jana wameona viti, wamesema liendelee. Nikipiga simu leo niseme viti ni vya jela, wanalifuta kabla ya saa sita. Pale Kikuyu wanalala vijana kumi na wanne. Wanapata godoro na uji. Uniambie wewe, Jumanne wanalala wapi?"

"Fungu lilitolewa wafundishwe, afande. Si uji."

"Uji ndio uliopo."

Sikudhani alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya lugha ya mama yake, yanayofaa kabisa. Lakini kila alipolipima moja aliwaona wale kumi na wanne wamejipanga na vikombe vyao vya bati, na kila alipowaondoa, palepale alisimama Masudi, anakusanya makombo kwa mkono ambao si wake.

"Na huyu mmoja?" aliuliza.

"Huyu mmoja," Petro alisema, "alisaini."

*

Hakimu aliuliza kama ni kweli. Masudi akasema ni kweli. Kosa la kwanza, kweli. La pili, kweli. Iliisha upesi kiasi kwamba Anifa, aliyefunga genge lake Majengo na kuja mbio, alikuta kaka yake anashushwa ngazi na pingu. Miaka saba.

Sikudhani alimkuta kwenye karandinga, injini inanguruma.

"Kwa nini ulikubali? Nilikuambia ukatae! Ungekataa ningepata muda wa kutafuta."

"Shikamoo, afande." Hata sasa. "Ningekataa ningerudi mahabusu kusubiri. Kuna mtu nilimwacha anasubiri, mwaka wa tatu huu. Mahabusu hakuna kazi, unakaa tu unatazama ukuta." Aliinama kidogo ili injini isimzidi. "Mwambie Anifa asilie. Na nimefikiri jambo. Si unakumbuka nilikuambia karakana wanataka vifungo virefu? Sasa wataniingiza."

Hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa umetulia, karibu una heri, kama mtoto aliyeitwa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Askari akasema panda. Alipanda, akajishika kwa mkono wa kushoto.

Sikudhani aliandika taarifa ya kurasa sita na kuipeleka Mkoa. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Ofisi ilipohamishwa chumba mwezi wa tisa, aliiona tena kwa muda mfupi imewekwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba.

Katikati ya Novemba, mvua ya kwanza imepiga na vumbi limelala, kijana wa kituo cha Kikuyu alileta mzigo uliofungwa magazeti. Bwana Brighton alikuwa ametuma shukrani kwa ushirikiano. Fungu limepitishwa tena, alisema kijana, na limeongezwa. Ndani ya magazeti palikuwa na kiti. KAZI YA SWALIHU, MIAKA 19.

Swalihu ndiye aliyekuwa amekileta.

"Umekisuka wewe?" Sikudhani alimuuliza.

"Mimi napika uji, afande," kijana alisema, akaaga.

Konstebo wa kaunta alikuwa anataka kukikalia. Sikudhani alimzuia kwa mkono, akakipindua miguu juu mezani. Alifumba macho, jambo ambalo fundi wa Buigiri hakulazimika kulifanya, akapitisha vidole chini ya kikalio. Ncha ya kamba aliipata kwenye kona: laini, ina manyoya, imefichwa vizuri. Akaendelea. Fundo la kwanza lilikuwa limelala kushoto. Na la pili. Yote, safu kwa safu, yameyapa mgongo yale ya kiti cha Juni.

Alitafuta kamba ya tatu.

"Kina kasoro, afande?" konstebo aliuliza.

"Hakina."

Hakikuwa nayo hata moja. Ile kamba ya tatu, ambayo Masudi alipigiwa kelele siku tisa akacheka akailegeza, ilikuwa imekazwa mpaka ukiigusa inalia. Sikudhani alikirudisha kiti kwenye miguu yake, akakisogeza ukutani taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi.